Anwani Niliyoikata Katikati

Wiki iliyopita mmenitukana vya kutosha. Mhariri alinikabidhi meseji zenu zimechapwa kwenye karatasi, nikazisoma zote, hata ile ya mama mmoja aliyeniita punda aliyefungwa tai. Sina neno. Endeleeni kunitukana, ila leo vuteni viti mkae kabisa, maana ya wiki iliyopita yalikuwa mzaha.

Kwa waliochelewa: mimi ndiye yule aliyefukuzwa kampuni ya matangazo kwa kumjibu bosi jeuri mbele ya wateja. Mchumba akanirudishia pete kwa mkono wa mdogo wake. Nikaja kuokotwa na kampuni inayotengeneza pochi ya simu, pochi ya kuwekea sarafu za mtandaoni, zile pesa zisizoshikika wala kusikika zikianguka sakafuni. Kazi yangu ni kuifanya iwe rahisi. Naamua kitufe kikae wapi, kiandikwe nini, na mteja aone nini kwenye skrini. Ofisini wananiita Mrembaji, na si kwa kunisifu.

Mnamkumbuka pia kaka yangu mkubwa, anayechomelea vyuma vya meli huko ng'ambo. Ametuma akiba yake yote kwenye pochi yangu nimlipe mwenye nyumba anakoishi mama. Nyumba inauzwa. Mwenye nyumba ametupa sisi nafasi ya kwanza, mwisho Ijumaa. Tukishindwa, anamuuzia tajiri wa mabati anayetaka kuibomoa ajenge ghala. Kaka ameniamini mimi. Hapo ndipo tulipoishia.

Haya.

Jumatatu kulikuwa na kikao. Nachukia vikao. Chumba chetu cha vikao kina kuta za vioo, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na meza ndefu ambayo kila mtu huweka kompyuta yake ili ajifiche nyuma yake.

Mkurugenzi alikaa mbele. Tunamwita Mtelezo kwa sababu kila kitu anataka kiteleze. Mteja akilazimika kubonyeza mara mbili, Mtelezo anaumwa kichwa.

Upande wa pili alikaa fundi mkuu wa usalama. Huyo tunamwita Breki. Ni mwanamke mfupi, msomi hasa, anayevaa sweta hata jua liwake vipi, na likitajwa jambo lolote jipya anainua mkono aseme ngojeni kwanza.

"Nina jambo moja tu," akasema Breki.

"Likiwa moja kweli, nakununulia sweta jipya," nikasema.

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa mchekeshaji wa vikao, mjue hilo.

"Kuna mchezo wezi wanaucheza," Breki akaendelea, hata hakunitazama. "Ukimtumia mtu sarafu hizi, muamala unaonekana na dunia nzima. Wezi wanaona. Wanatengeneza anwani yao inayofanana na ya yule uliyemtumia: mwanzo sawa, mwisho sawa. Halafu wanakutumia chembe ya pesa, ili anwani yao ikae juu kabisa kwenye orodha yako ya miamala. Siku ukitaka kumtumia mtu wako tena, unanakili anwani kutoka kwenye orodha. Unanakili ya mwizi."

Maneno haya nimekuja kuyasikia baadaye, kwenye kinasa sauti cha kikao. Siku yenyewe nilikuwa nagombana na yule mchumba wangu wa zamani kwa meseji, chini ya meza, kuhusu kabati la nguo ambalo anadai ni lake. Nilichosikia ni "wezi" na "orodha". Nikajua ni yale yale ya Breki, kila siku mwizi, kila siku moto unawaka.

"Na sisi tunawasaidia hao wezi," akasema. "Anwani ni ndefu, lakini kwenye skrini tunaonyesha kichwa na mkia. Katikati tumeweka nukta."

Hapo nikainua uso, kwa sababu zile nukta ni zangu.

"Breki, hiyo anwani nzima umewahi kuitazama?" nikamuuliza. "Herufi na namba zimejazana utadhani mtu amekalia kibodi. Nani anasoma kitu kile? Nimekata katikati ili skrini ipumue."

"Katikati ndiko tofauti iliko."

"Watumiaji wetu hawasomi! Wape anwani nzima, hawasomi. Wape nusu, hawasomi. Waandikie HATARI kwa wino mwekundu, watabonyeza waone inafungua wapi."

Wakacheka tena. Mtelezo alicheka mpaka akafuta macho.

Breki akangoja kicheko kiishe. Ana tabia hiyo mbaya ya kungoja.

"Napendekeza anwani ionekane nzima, imegawanywa mafungu mafungu ili jicho liweze kufuata," akasema. "Na pesa nyingi ikienda kwenye anwani mpya, isitoke hapo hapo. Ikae siku nzima, mtu apate nafasi ya kusitisha. Hiyo subira nimeshaiweka kwenye toleo la majaribio, hili tulilo nalo sisi wafanyakazi."

"Siku nzima?" Mtelezo akashika kifua. "Unataka kuniua?"

Nikaona nafasi ya kumalizia mchezo.

"Anayehitaji siku nzima kujua anamtumia nani pesa, asipewe pochi," nikasema. "Apewe kibubu!"

Chumba kikalipuka. Mtu wa mauzo alipiga meza, na binti wa huduma kwa wateja akaandika sentensi yangu kwenye simu yake ili akawasimulie wenzake.

"Itolewe," Mtelezo akasema.

"Nitaitoa," akajibu Breki, akafunga kompyuta yake taratibu.

Nikatoka pale nimejaa kifua. Mjinga akishangiliwa hana habari kabisa, anadhani amezaliwa siku hiyo.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, kaka akanipigia.

"Mdogo wangu, umeshamlipa mzee?"

"Namlipa sasa hivi. Ni kazi ya kubonyeza tu, kaka."

"Hakikisha anwani."

"Kaka, unajua mimi ni nani kwenye hii pochi?"

"Nakujua wewe ni nani tangu unanyonya kidole. Hakikisha anwani. Nimekaa huku miaka nakula moshi kwa ajili ya nyumba ile."

"Wewe choma vyuma, mambo ya simu niachie mimi."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyechoka, akakata simu. Kicheko kile mpaka leo nakisikia.

Sasa sikilizeni vizuri nilivyofanya, mpate cha kunitukania. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemtumia mwenye nyumba kishika nafasi kidogo, ili asimsikilize tajiri wa mabati. Kwa hiyo anwani yake ilikuwa kwenye orodha yangu ya miamala. Nikafungua orodha. Ya kwanza juu ndiyo hiyo, kichwa nakijua, mkia naujua. Nikanakili. Nikabandika. Nikabonyeza Tuma.

Pesa yote. Moshi wote wa kaka yangu.

Skrini ikaleta alama ya kijani na neno IMETUMWA. Hilo neno nalo ni langu. Mafundi walitaka liandikwe "inasubiri", nikawaambia mteja akiona inasubiri presha inapanda. Mwambieni imetumwa, akaendelee na maisha yake.

Nami nikaendelea na maisha yangu. Nikaagiza chai ya pili.

Alhamisi asubuhi mwenye nyumba akapiga simu. Ni mzee mpole, anaongea polepole, na wazee wanaoongea polepole hunimaliza uvumilivu.

"Mwanangu, bado sijaona kitu."

"Mzee wangu, imetumwa tangu jana. Fungua pochi, vuta skrini chini."

"Nimevuta mpaka kidole kinauma. Naona kishika nafasi peke yake."

"Basi kuna mahali hubonyezi sawa. Hizi simu zina mambo yake, mwite kijana yeyote hapo nyumbani akusaidie."

"Niko naye mjukuu hapa, anabonyeza yeye. Hebu nisomee anwani uliyoitumia."

Nikamsomea kichwa. Akasema sawasawa. Nikamsomea mkia. Akasema sawasawa.

"Umeona, mzee?"

"Na katikati?"

"Katikati kuna nukta."

"Ya kwangu haina nukta, mwanangu. Ina namba."

Kidole changu kikaanza kuitafuta anwani nzima. Si kwamba nilikuwa nimeelewa. Mwili ulielewa kabla yangu.

Kuiona anwani nzima kwenye pochi yetu si kazi ndogo. Unaingia kwenye muamala, unaingia kwenye "zaidi", unaingia kwenye "maelezo ya kina", unashuka mpaka chini kabisa, ndipo unaikuta imeandikwa kwa maandishi ya rangi ya kijivu. Nani aliizika kule? Msiniulize maswali mnayojua majibu yake.

Mzee akasoma ya kwake, mimi nikafuatisha kidole kwenye ya kwangu. Kichwa sawa. Baada ya kichwa, hakuna hata herufi moja iliyolingana, mpaka kwenye mkia.

"Mwanangu?" mzee akaita. "Zinalingana? Maana yule bwana wa mabati ameshanipigia tena leo. Mimi kesho ni kesho. Sina ubaya na mama yako, lakini nami nina watoto."

"Nitakupigia, mzee," nikasema.

Nilikuwa kwenye ukumbi wa ofisi, watu wanapita na vikombe vyao, nikaingia chooni, nikajifungia. Nikalia. Semeni mnavyotaka, nililia mpaka kamasi. Mama yangu alikuwa anakwenda kufukuzwa kwenye nyumba aliyotulelea, na aliyemfukuza si tajiri wa mabati. Ni mimi na nukta zangu.

Mngedhani nilitoka nikaenda kuomba msaada. Thubutu! Kumwambia nani? Wale niliowachekesha Jumatatu? Nikaona heri nipige huduma kwa wateja nikijifanya mteja. Nikaibana sauti. Binti wa huduma meza yake iko ukuta wa pili tu na kile choo.

"Karibu, nikusaidie nini?"

"Dada, nimetuma pesa kwenye anwani siyo. Pesa yote ya familia."

"Pole sana kwa usumbufu. Miamala ikishatumwa haiwezi kurudishwa. Tunakukumbusha kuhakiki anwani kabla ya kutuma. Je, kuna jambo jingine la kukusaidia leo?"

Nilijua kila neno kabla hajalitamka. Jibu lile nililiandika mimi, kwa dakika chache, nikitafuna karanga. Ile "je, kuna jambo jingine" niliiongeza mwishoni ili lipendeze.

"Dada, hujanielewa. Ni nyumba ya mama yangu."

"Pole sana kwa usumbufu. Miamala ikishatumwa..."

"Hebu acha kunisomea!"

Akaziba simu kwa mkono, lakini hakuiziba vizuri. Nikamsikia anawaambia wenzake, "Mwingine huyu, amenakili kwenye orodha. Si ndio wale Mrembaji alisema wapewe kibubu?"

Wakacheka. Kicheko nilikisikia mara mbili, kwenye simu na kupitia ukutani.

Nikakata. Sijawahi kumdharau mtu hapa duniani kama nilivyojidharau mwenyewe nikiwa nimekaa juu ya kile choo, suruali imefungwa, simu mkononi, nasikiliza utani wangu mwenyewe ukinicheka.

Nilipotoka, nikakutana uso kwa uso na Breki kwenye sinki, anaosha kikombe. Akanitazama machoni.

"Umefiwa?"

"Mafua."

"Mafua hayavimbishi macho hivyo. Una nini?"

Nilitaka kumjibu jeuri, nimezoea. Badala yake yakanitoka yote: kaka, nyumba, orodha, mzee, nukta. Nilingoja acheke. Nilitamani hata acheke, ningepata cha kumchukia.

Hakucheka. Alifunga bomba, akafuta mikono kwenye sweta.

"Ulitumia simu gani?"

"Hii hii."

"Yenye toleo la majaribio?"

"Sote si tunalo hilo?"

"Basi tulia. Pesa haijatoka."

"Breki, usinifanyie mzaha leo. Imeandikwa IMETUMWA!"

"Wewe ndiye uliyeandika. Mimi niliweka subira ya siku nzima. Pesa yako ipo kwenye pochi, imekaa, inangoja siku yake iishe ndipo iende kwa mwizi."

"Si ulisema Jumatatu utaitoa hiyo subira?"

"Nilisema nitaitoa. Sikusema lini. Nilijua ipo siku mmoja wenu ataihitaji."

Nikamkumbatia. Nilimkumbatia yule mwanamke na sweta lake lote, hapo kwenye sinki, na kikombe kikaanguka kikavunjika.

"Niachie bwana," akasema. "Ulituma lini?"

"Jana baada ya chakula."

Akatazama saa ya ukutani. Na mimi nikaitazama. Chakula chenyewe kilishaanza kunukia kutoka jikoni kwa wafanyakazi.

Tukakimbilia mezani kwake. Meza ya Breki haina hata picha, ina nyaya na bisibisi. Akanionyesha kitufe cha Sitisha, ndani kabisa kwenye mipangilio. Nikakibonyeza kwa kidole gumba, roho mkononi.

Skrini ikasema: Ombi lako limetumwa kwa mlinzi wako.

"Mlinzi? Mlinzi gani tena?"

"Mtu uliyemchagua ulipofungua pochi. Kusitisha kunahitaji mtu wa pili akubali."

"Nani aliyeweka upuuzi huo?"

Breki akanitazama, kwa mara ya kwanza nikaona anafurahia kitu.

"Wewe. Kikao cha mwezi uliopita, nilipotaja kusitisha kwa mara ya kwanza. Ulisema watumiaji wetu ni matapeli, watalipa, watachukua bidhaa, halafu watasitisha. Ukasema lazima mtu wa pili athibitishe, la sivyo hutatia mkono. Wakakupigia makofi."

Kweli, walipiga makofi. Nakumbuka.

"Na mlinzi wako nani?" akauliza.

Nikafumba macho. Siku ile nafungua pochi, programu iling'ang'ania namba ya mtu ninayemwamini, haikubali kusonga mbele bila namba. Nikaandika namba pekee ninayoijua kwa kichwa.

"Mama," nikasema.

Mama yangu anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Simu yake ni ya vitufe, mfuniko wa nyuma umefungwa kwa mpira, na betri yake huzimika inapotaka yenyewe. Kila mwaka namwambia nitamnunulia nyingine. Miaka yake yote ya kazi alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana. Alishasikia kila uongo unaoweza kutoka kwenye kinywa cha binadamu, kuanzia bibi aliyekufa mara nne hadi homa inayopona Jumamosi.

Simu yangu ikatetemeka. Mlinzi wako amekataa. Umebakiwa na ombi moja.

"Amekataa!" nikapiga kelele. "Amekataa nini huyu mama?"

"Mpigie," Breki akasema. "Mweleze kwanza. Nami natuma ombi la pili sasa hivi, maana likichelewa halina kazi. Akijibu meseji kwa moja, yaani ndiyo, pesa inabaki. Akijibu mbili, au akinyamaza mpaka muda uishe, imekwenda."

Nikapiga. Ikaita sana ndipo akapokea.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

"Ni mimi, mwanao."

"Ninao wawili."

"Mimi mdogo! Mama, imeingia meseji kwenye simu yako, na nyingine inakuja. Hiyo inayokuja jibu moja. Moja, mama."

"Neno."

"Neno gani?"

"Mwanangu mdogo ana neno. Litaje."

Nililikumbuka jambo lenyewe, ila neno sikulikumbuka.

Likizo iliyopita nilikwenda kumtembelea. Jirani yake alikuwa ameibiwa na watu walioigiza sauti ya binti yake kwenye simu. Mimi nikajifanya mwalimu. Nikamkalisha mama sebuleni, nikamwambia: mtu akikupigia kwa sauti yangu, analia, ana haraka, anataja nyumba au ugonjwa, anakwambia ukubali kitu kwa meseji, huyo ni mwizi. Jibu mbili. Hata ajue siri zangu zote, jibu mbili. Tuchague neno letu, mimi na wewe tu. Asiyelijua si mwanao.

Nilimfundisha vizuri mno. Sijawahi kufundisha kitu vizuri hivyo.

"Mama, sina muda! Nyumba inakwenda! Kaka amekula moshi kwa ajili ya hii nyumba, leo hii inakwenda!"

"Ehe," mama akasema, kwa sauti ile ya korido ya bweni. "Una haraka. Unalia. Umetaja nyumba. Umebakiza ugonjwa."

"Ni mimi niliyekufundisha hayo!"

"Na hilo aliniambia mtalisema."

"Nina kovu gotini, niliangukia ngazi za bweni lako!"

"Kovu liko kwenye picha zake huko mtandaoni, amejianika kutwa. Neno."

Breki alisimama mbele yangu, ananionyesha saa kwa kidole. Simu ya mama ikalia mlio mfupi sikioni mwangu.

"Imeingia nyingine," mama akasema. "Nyinyi watu hamchoki. Ngoja nikate niikatae na hii."

"Usikate! Mama, nakuomba, usikate! Neno ni... ni jina la paka wetu wa zamani."

"Mwanangu anajua nisingeweka paka kwenye jambo la maana."

"Ni jina la baba."

"Kwaheri, kijana. Katafute kazi."

"Mama, sikusikiliza!"

Sijui lilitoka wapi. Sikulipanga. Ofisi nzima ilikuwa imegeuka. Binti wa huduma amevua vifaa vyake vya masikioni, Mtelezo amesimama mlangoni na sahani yake ya chakula, wote wananitazama. Sikujali.

"Uliponiambia lile neno, sikusikiliza," nikasema. "Nilikuwa nachati. Ulikuwa unapinda pindo la pazia, ukalisema, ukaniambia na kwa nini umelichagua, nami nikakuitikia sawa mama, sawa mama, macho yako kwenye simu. Sijui neno, mama. Sijawahi kulijua. Sikusikiliza."

Nikasikia redio yake kwa mbali. Nikasikia anavuta kiti anakaa.

"Basi kweli ni wewe," akasema.

Haikuwa sauti ya furaha. Ningependa kuwaambia ilikuwa ya furaha.

"Ni mimi, mama. Jibu moja, tafadhali."

"Nilikuona siku ile. Nilisema moyoni, huyu hasikii. Nikakuacha."

"Jibu moja, mama, muda unaisha."

"Nitajibu. Ila kwanza nakwambia neno lile mara ya pili, na sababu yake, na wewe utalirudia. Nisije nikafa hulijui."

Breki alikuwa ananitikisa bega. Ile saa ya ukutani sikuitazama tena. Nilishika simu kwa mikono miwili, nikaibana sikioni mpaka sikio likauma.

"Sema, mama," nikasema. "Nasikiliza."

Simu ikakatika. Ile betri.